Kutoka Jimmie Rodgers hadi Chemirocha: Utohozi wa Jina na Mapokezi ya Santuri ya Kantri Miongoni mwa Wakipsigis

Ikisiri

Mwaka 1950, huko Kapkatet nchini Kenya, wasichana wa Kipsigis walirekodiwa wakiimba kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, kama lilivyotoholewa kutoka katika santuri zake. Kwa muda mrefu rekodi hiyo imesimuliwa kama kielelezo cha mshangao wa watu waliokutana na gramafoni. Makala hii inapinga usomaji huo. Inajenga hoja kwamba irabu moja katika jina hilo haielezeki vema kwa fonolojia peke yake. Inadai maelezo ya kimofolojia. Kwa kulinganisha na maneno ya Kiswahili kama kitabu, kilabu na madigadi, makala inadai kuwa jina liliingizwa kwanza katika sarufi, na kwamba kiumbe wa wimboni anaeleweka vizuri zaidi kama matokeo ya kazi hiyo ya lugha.

1.0 Utangulizi

Tafiti za utohozi katika Kiswahili zimekuwa na mazoea ya kuorodhesha. Neno la kigeni huwekwa upande mmoja, umbo lake la Kiswahili upande wa pili, kisha kanuni zilizohusika hutajwa: uchopekaji wa irabu, udondoshaji wa konsonanti, ubadilishaji wa sauti moja kwa nyingine. Kazi hiyo ina faida yake. Hata hivyo, humwacha msomaji na picha ya lugha iliyo kama kichujio, yenye kupokea kile inachoweza kukitamka na kutupa kingine. Nadra kuulizwa ni kitu gani jamii hukifanya na neno likishaingia, hasa pale neno lenyewe linapokuwa jina la mtu ambaye waliolipokea hawajamwona.

Rekodi inayojulikana kwa jina Chemirocha inatoa nafasi ya kuuliza swali hilo. Aliyeirekodi ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya kazi yake kusini mwa Afrika, ambaye mwaka 1950 alipita Kenya na Tanganyika akikusanya muziki. Alipofika Kapkatet, katika eneo la Kericho, alikuta jina Chemirocha likiimbwa na watu tofauti kwa namna tofauti. Alihifadhi nyimbo tatu zenye jina hilo na kuzipa namba. Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyopata umaarufu, iliimbwa na Chemutoi Ketienya akiwa na wasichana wenzake, kwa kusindikizwa na kinanda cha nyuzi cha Wakipsigis. Ni wimbo mfupi usiofika dakika mbili.

Kuwapo kwa nyimbo tatu kunastahili kuzingatiwa tangu mwanzo. Masimulizi mengi huitaja ile ya tatu peke yake, kana kwamba ni tukio la pekee lililowatoka wasichana kwa bahati. Nyimbo tatu kutoka katika eneo moja, kwa sauti za kike na za kiume, zinaonesha kuwa Chemirocha alikwisha kuwa maudhui, kama vile mapenzi au msiba vinavyokuwa maudhui. Kila mwimbaji alimchukua na kumtumia kwa shabaha yake.

2.0 Santuri na njia zake

Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897, akahusishwa na Meridian katika jimbo la Mississippi, na alifanya kazi katika reli kabla ya kifua kikuu kumwondoa kazini. Alirekodi kwa mara ya kwanza Agosti 1927. Novemba mwaka huohuo alirekodi Blue Yodel kwa kampuni ya Victor, santuri iliyotolewa mwaka 1928 na kumpa jina kote Marekani. Alifariki mwaka 1933, miaka 17 kabla ya Tracey kufika Kapkatet. Sifa iliyomtambulisha ni yodeli: sauti inayoruka ghafla kutoka kifuani hadi juu kichwani, kisha ikarudi, bila kubeba neno lolote. Kwa msikilizaji asiyejua Kiingereza, hiyo ndiyo sehemu ya wimbo ambayo haikuhitaji tafsiri. Yule aliyezaliwa Mississippi na yule aliyezaliwa Kericho waliisikia wakiwa sawa.

Mwaka huohuo wa 1928, Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar kwenda Bombay kurekodi nyimbo zao kwa ajili ya kampuni ya Gramophone ya Uingereza. Kampuni hiyo na Victor zilitumia nembo moja, ile ya mbwa anayesikiliza tarumbeta ya gramafoni. Ulinganifu huu una uzito kwa sababu historia ya muziki wa Afrika Mashariki huandikwa mara nyingi kana kwamba santuri za Kiswahili na santuri za Kizungu zilipita njia mbili zisizokutana. Zilipita njia moja. Zilisafiri na wafanyabiashara walewale, zikachezwa na mashine zilezile, na katika nyumba nyingi zilikaa katika sanduku moja. Neno santuri lenyewe ni shahidi wa safari za namna hiyo, kwani hapo awali lilikuwa jina la ala ya nyuzi, likahamia kwa mashine iliyokuwa ikiimba, na hatimaye likatua kwenye sahani.

Huko Kericho, njia hizo zilikuwa na uchungu wake. Kuanzia miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai yalijikita katika ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kidini wa Wakipsigis, ambao walipelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Gramafoni zilifika pamoja na walowezi, wamisionari na askari. Sauti ya Rodgers, kwa hiyo, haikuwakuta Wakipsigis wakiwa wamekaa wakisubiri kustaajabu. Iliwakuta wakiwa na miaka mingi ya kuwasikiliza Wazungu, na wakiwa na sababu nzuri za kuwapima.

3.0 Jina: pale fonolojia inapokwama

Sehemu kubwa ya umbo Chemirocha inaelezeka kwa urahisi. Kikalenjini, lugha ambayo Kikipsigis ni lahaja yake, hakitofautishi maana kwa kutumia ughuna wa vipasuo. Kizuio-kwamizo ghuna cha Kiingereza kinachosikika mara mbili katika jina Jimmie Rodgers hakina mwenzake wa moja kwa moja, na nafasi yake huchukuliwa na /ch/. Silabi ya mwisho ya Rodgers, ambayo kwa matamshi ya Kiingereza ni hafifu na huishia kwa /z/, imepoteza konsonanti hiyo na kubaki na irabu /a/. Mpaka kati ya jina la kwanza na la pili umefutika, jambo la kawaida kwa jina linalopokelewa kwa sikio bila maandishi. Kiswahili kingeshughulikia jina hilohilo kwa njia nyingine. Kwa kuwa kina /j/, kingeihifadhi, na kwa kuwa hupendelea silabi huru, kingeongeza irabu mwishoni: Jimi Rojasi.

Tatizo ni irabu ya kwanza. Kama fonolojia ingefanya kazi peke yake, umbo linalotarajiwa ni *Chimirocha. Badala yake pana /e/. Inawezekana kudai kwamba irabu ya Kiingereza katika silabi hiyo ni legevu, na kwamba ilisikika kama /e/. Dai hilo lina udhaifu. Kikalenjini kina seti mbili za irabu zinazotofautishwa kwa mkao wa shina la ulimi, na miongoni mwake imo /i/ legevu iliyo karibu sana na ile ya Kiingereza. Lugha ilikuwa na sauti iliyohitajika na haikuichukua.

Pingamizi jingine ni kwamba tahajia ni ya Tracey, na huenda sikio lake ndilo lililobadilisha /i/ kuwa /e/. Pingamizi hili ni zito zaidi, na haliwezi kutupiliwa mbali. Lakini Tracey huyohuyo aliandika <i> katika silabi inayofuata mara moja, na aliandika <e> katika silabi ya kwanza ya jina la mwimbaji, Chemutoi. Sikio lililoweza kutenganisha irabu hizo ndani ya jina moja halikosi kwa urahisi katika mwanzo wake.

Jina la Chemutoi ndilo linaloelekeza kwenye jibu. Majina ya watu katika Kikalenjini hujengwa kwa viambishi awali viwili vinavyojulikana sana: Kip- kwa wanaume na Chep- kwa wanawake. Mbele ya baadhi ya konsonanti, ikiwamo /m/, kipasuo cha mwisho hudondoka. Ndiyo maana kuna Kimutai na Chemutai, na pia Chelangat na Cherono. Jina la Rodgers lilifika likiwa na /ch/ mwanzoni na /m/ mara baada ya irabu ya kwanza. Kwa msemaji wa Kikalenjini, mfuatano huo una sura ya kiambishi. Kilichobaki ni kuirekebisha irabu ili kiambishi kikamilike: Che-mirocha. Kwa maneno mengine, /e/ hiyo imetoka katika sarufi.

Wanaisimu wa Kiswahili wanaujua mchakato huu vizuri, ingawa mara nyingi hawaupi nafasi unayostahili. Neno la Kiarabu kitabu lilikuja na ki- iliyo sehemu ya mzizi. Kiswahili kikaiona kama kiambishi cha ngeli na kuzalisha vitabu. Kilabu, kutoka Kiingereza, kikapata vilabu kwa njia hiyohiyo, na katika barabara za Dar es Salaam kipilefti kimezaa vipilefti. Madigadi ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu lilikwenda kinyume: ma- ya neno la Kiingereza ilichukuliwa kuwa alama ya wingi, na umoja ukatengenezwa upya kuwa digadi, neno ambalo mafundi wanalitumia bila kufikiri kwamba limepunguzwa kichwa. Katika mifano yote hii msemaji hajakosea. Amekuta katika neno geni kitu kinachofanana na sehemu ya lugha yake, akakipa kazi.

Kuna pia maneno yaliyokamilisha safari hiyo kiasi cha kusahaulika. Abiria anayepanda daladala Kinyerezi kwenda Kariakoo hulitamka jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, na hakuna gwaride analoliona. Anaona soko. Jina limekatika kutoka kwa wenye jina na kuwa mali ya mahali. Ngoma ya beni, iliyoenea pwani na bara katika enzi ya ukoloni, ilipata jina lake kutokana na neno la Kiingereza la bendi, na waliocheza beni hawakudhani kwamba wanaiga kwa unyenyekevu. Walishindana wao kwa wao, wakapeana vyeo, wakatungiana nyimbo za kejeli.

Kinachoitofautisha Chemirocha na kilabu au Kariakoo ni kwamba kiambishi kilichopatikana ndani yake hubeba jinsi. Chep- ni cha kike katika majina ya watu, na pia huonekana katika majina ya vitu, likiwamo jina la kinanda kilichosindikiza wimbo, ambacho Tracey alikiorodhesha kama chepkong. Mwanamume wa Marekani, aliyejulikana kwao kwa sauti iliyopanda juu kuliko inavyotarajiwa kwa mwanamume, alijikuta na jina lenye umbo la jina la msichana au la ala ya muziki. Umbo Kimirocha liliwezekana kisarufi na lingemfaa zaidi kijinsia. Halikuchaguliwa, kwa kuwa /ch/ ya mwanzo ilikuwa imekwisha kusikika. Lakini baada ya jina kukaa hivyo, halikuwa tena jina la mtu wa kawaida: umbo lake lilisema kitu kimoja na sauti yake ikasema kingine. Kiumbe mwenye pande mbili alikwisha kuwamo ndani ya jina kabla ya mtu yeyote kumwekea miguu ya mnyama.

4.0 Swala wa wasichana na fauni wa Tracey

Katika maelezo aliyoyaambatisha na rekodi, Tracey alieleza kwamba Chemirocha amegeuzwa kuwa fauni wa kienyeji, nusu mtu na nusu mnyama, mwenye miguu ya swala, na kwamba wasichana wanamhimiza acheze ngoma ya kuruka kwa nguvu hadi aruke nje ya nguo zake. Maelezo haya ndiyo chanzo cha karibu kila kilichoandikwa baadaye kuhusu wimbo huu, na yanahitaji kusomwa kwa makini kama matini yoyote ile ya fasihi.

Fauni ni kiumbe wa visasili vya Kirumi. Ana miguu ya mbuzi, anaishi msituni, anapuliza filimbi na kuwakimbiza wanawake. Mwingereza aliyesoma shule katika kizazi cha Tracey alimjua tangu utotoni. Alipoambiwa habari za mwimbaji mwenye miguu ya mnyama, fauni alikuwa tayari kumpokea. Hapa pia kuna utohozi, na umefanywa na Tracey. Kama Wakipsigis walivyokuta Che- ndani ya Jimmie, yeye alikuta fauni ndani ya Chemirocha. Tofauti ni kwamba utohozi wa Wakipsigis umechukuliwa kuwa dalili ya kutoelewa, na wa Tracey umechukuliwa kuwa maelezo.

Wasichana hawakuwa na haja ya Roma. Koo za Wakipsigis, kama za Wakalenjini wengine, hutambulishwa kwa wanyama na viumbe vya asili, na mtu kutajwa pamoja na mnyama hakumpunguzii utu wake wala hakumfanyi zimwi. Anayejua kuruka vizuri kufananishwa na swala ni sitiari ambayo mshairi yeyote angeifikia. Yodeli ni sauti inayoruka. Ngoma inayotajwa ni ya kuruka. Miguu ya swala ni ya kuruka. Mambo matatu yanakutana katika kitendo kimoja, na mkutano huo una mantiki ya kishairi iliyo wazi zaidi kuliko mantiki ya watu waliodanganyika kwamba ndani ya sanduku mna mnyama anayeimba.

Ulinganisho na pwani unasaidia kuonesha jinsi taswira moja inavyoweza kubeba maana zinazopingana. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam zina visa vingi vya mwanamke mrembo aliyekutana na mwanamume usiku, ambaye anapotazamwa chini anaonekana ana kwato. Kwato hizo ni ufunuo wa hatari: zinamtambulisha jini, na anayeziona hukimbia. Katika wimbo wa Kapkatet hakuna anayekimbia. Aliye na miguu ya mnyama anaalikwa, anahimizwa, anaambiwa azidishe. Jinsia zimebadilishana nafasi pia. Pwani ni mwanamume anayenaswa. Kapkatet ni wasichana wanaomwongoza mgeni, nao ndio wenye uwanja.

Nguo ndizo zinazokamilisha hoja. Katika Kericho ya mwaka 1950 nguo haikuwa jambo dogo. Misheni ziliifanya kuwa alama ya kuongoka. Shule ziliifanya sharti. Mavazi ya Kizungu yalipambanua aliye ndani na aliye nje ya utaratibu mpya. Kumwimbia mgeni kutoka katika santuri ya Kizungu kwamba acheze ngoma ya nyumbani hadi zimdondoke ni kumvua hadhi iliyoambatana nazo. Huo ni utani, na ni utani wenye meno. Wasichana wa umri huo katika jamii nyingi za Afrika Mashariki wamekuwa na ruhusa ya kusema kwa wimbo yale wasiyoweza kuyasema kwa mazungumzo. Kusoma maneno hayo kama ibada ya mungu mpya ni kuwanyima ruhusa yao ya kucheka.

Haina maana kwamba hapakuwa na mapenzi katika mapokezi hayo. Watu hawaimbi nyimbo tatu kuhusu mtu wasiyemjali. Mwaliko wa kucheza ni mwaliko wa kweli. Anayetaniwa hivyo amekwisha kukubaliwa kuwa mtu wa kutaniwa, nafasi ambayo mfumo wa utani, unaojulikana kwa kila mtafiti wa jamii za Tanzania, humpa mtu wa karibu wala si wa mbali. Anayetafuta ama heshima tupu ama dhihaka tupu katika wimbo huu atapata nusu yake.

5.0 Kurudi kwa rekodi

Rekodi za Tracey zilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka 1954, na ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini. Katika muongo wa 2010, maktaba hiyo ilishirikiana na mradi wa Singing Wells na studio ya Ketebul ya Nairobi kuzirudisha baadhi ya rekodi katika maeneo zilikotoka, Wakipsigis wakiwa miongoni mwa waliofikiwa. Baada ya zaidi ya miaka 60, sauti zilizotoka Kapkatet zilirudi kama alivyofika Rodgers: zikiwa ndani ya chombo, bila wenyewe.

Muziki wa kantri haukuondoka Afrika Mashariki katika muda huo. Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton walipata wasikilizaji wengi redioni, hasa nchini Kenya, ambako Elvis Otieno, ajulikanaye kama Sir Elvis, amejenga kazi yake kwa kuziimba nyimbo za aina hiyo kwa Kiingereza na akiwa amevaa kofia pana. Hayo ni mapokezi ya namna nyingine. Majina yamebaki kama yalivyoandikwa kwenye jalada, kwa kuwa msikilizaji wa sasa anajua kusoma jalada. Jim Reeves hakupata kiambishi, na hakuna aliyemwalika kuruka.

Kwa watafiti wa utohozi, kazi iliyo mbele ni ya kusikiliza. Nyimbo mbili za wanaume zinazobeba jina Chemirocha hazijapata usikivu uliopewa ule wa wasichana, na irabu ya kwanza kama inavyotamkwa humo ndiyo kipimo cha karibu zaidi cha hoja iliyotolewa hapa. Iwapo wanaume nao wanaimba /e/ katika silabi hiyo, sikio la Tracey halitakuwa tena mshukiwa. Iwapo wanaimba /i/, itabidi kuuliza kwa nini wasichana, wakiongozwa na mwenzao aliyeitwa Chemutoi, ndio waliompa Rodgers jina lenye umbo la jina lao.